Kipimo Kilichofutwa

Duka la kushonea lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlango wa kuingilia nyumbani. Mwenye duka alifika kazini kwa hatua kumi tu, na bado alichelewa mara mbili kwa wiki.

Watu wote walimwita Fundi. Mkewe walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao wawili waliozaliwa siku moja. Fundi ndiye aliyemfundisha mkewe kushona. Hilo alilisema mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Kwa miaka kumi na miwili kazi yao iligawanyika vizuri. Fundi alishona suti na magauni. Mama Pacha alishona sare za shule. Sare ni kazi nyingi na haina mambo: kola ile ile, mfuko ule ule, rangi ile ile.

Kisha Mama Pacha akaanza kuchora. Alichora magauni kwenye daftari dogo, huku akisubiri pasi ipate moto. Siku moja alijishonea gauni moja kati ya hayo, akalivaa kwenda sokoni. Wanawake watatu walimsimamisha njiani kumuuliza limeshonwa wapi.

Tangu siku hiyo mambo yaligeuka. Wateja walikuja, wakasimama mlangoni, wakapitisha macho juu ya Fundi.

"Mama Pacha yupo?"

"Mimi nipo," Fundi alijibu.

"Tunakuona, Fundi. Mama Pacha yupo?"

Fundi alicheka kwa mdomo, lakini roho ilimuuma. Kama angemwonea mkewe wivu kwa ajili ya mwanamume mwingine, angejua la kufanya. Angeuliza, wangegombana, yangekwisha. Wivu huu ulikuwa wa aina nyingine. Fundi alimwonea mkewe mwenyewe kijicho kwa kazi ya mikono yake, na hakujua mtu anaanzia wapi kusema jambo kama hilo. Kwa hiyo alisema mengine.

"Vipande hivi vya mshazari vitakuharibia kitambaa."

"Umeona kimeharibika?" aliuliza Mama Pacha.

"Bado. Lakini kitaharibika. Halafu hii chai imepoa."

"Chai umeiacha mwenyewe nusu saa, Baba Pacha."

Alinuna mchana kutwa. Alishona tangu asubuhi mpaka giza, bila kunyoosha mgongo, ili mtu yeyote asiseme kwamba yeye ni mvivu. Hakuna aliyesema hivyo, wala hakuna aliyekuwa akimtazama.

Jumatatu moja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani aliingia dukani. Alikuwa anastaafu. Jumamosi ya wiki iliyofuata walimu na wazazi wangemuaga, na alitaka gauni la siku hiyo.

Fundi alisimama, akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni. "Shikamoo, Mwalimu. Karibu, simama hapa."

"Marahaba, Fundi. Nisamehe, baba, lakini nimekuja kwa Mama Pacha. Nimeona kazi yake."

Fundi aliirudisha futi shingoni polepole. Mama Pacha alipima, akaandika kwa penseli kwenye daftari la vipimo: kifua, kiuno, nyonga. Mwalimu alitazama michoro, akachagua gauni la bluu nzito lenye vipande sita vinavyozunguka mwili.

Alipoondoka tu, simu ikalia. Ilitoka chuo cha ufundi. Walitaka Mama Pacha awafundishe wanafunzi ubunifu wa mavazi, kila Jumatano. Walimwomba afikirie, awajibu kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata kwisha.

"Mimi nifundishe, mume wangu," alisema Mama Pacha, mkono kifuani. "Mimi wa sare."

"Hongera," alisema Fundi. Aligeuka kutafuta mkasi.

Alasiri hiyo Mama Pacha alikwenda kununua uzi. Fundi alibaki peke yake. Alifungua daftari la vipimo, akatafuta jina la Mwalimu. Nyonga: 44.

Kila fundi wa nguo huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Kitambaa hicho huitwa akiba. Nguo ikibana, fundi hufungua mshono, anaachia akiba, na nguo inakaa vizuri. Fundi alilijua hilo kuliko jina lake. Inchi mbili si kitu, alijiambia. Gauni litabana. Mke wangu atahangaika. Mimi nitaingia kati, nitafungua mishono, nitalimaliza kwa saa moja. Watu watasema kumbe Fundi bado ni fundi.

Alichukua kifutio, akafuta ile nne ya mwisho. Akaandika mbili. Mbili ya Mama Pacha ina mkia mrefu, na Fundi aliuvuta mkia huo vizuri kabisa. Kisha akarudi kwenye cherehani chake na kushona suruali.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, Mwalimu alikuja kujaribu gauni. Aliingia nyuma ya pazia pamoja na Mama Pacha. Fundi alitega sikio. Alisikia kitambaa kikivutwa.

"Labda nimenenepa," ilisema sauti ya Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu. Ngoja. Jaribu kwa juu."

Gauni halikupanda, wala halikushuka. Lilikwama kwenye nyonga.

Hapo ndipo Fundi alipoinuka, kama alivyopanga. "Leteni nilione. Nitafungua akiba, ni kazi ya saa moja."

Mama Pacha alimpa gauni kupitia pazia. Fundi aligeuza ndani nje, akatafuta akiba. Hakuiona. Gauni la vipande vingi lina mishono mingi, na akiba nene ingelifanya livimbe. Kwa hiyo Mama Pacha alikuwa ameikata ikawa nyembamba kama ukucha, halafu akaifunga kwa uzi pande zote. Hapakuwa na cha kufungua. Fundi hakuwahi kuuliza gauni hili linashonwaje, maana angeuliza angeonekana hajui.

Mwalimu hakugomba. Alisema ana gauni la zamani, litamfaa. Alisema Mama Pacha asijisumbue. Upole huo uliuma kuliko matusi.

Alipoondoka, Mama Pacha alifungua daftari la vipimo. Alisoma. Alisoma tena. "Arobaini na mbili," alisema. "Nimeandika mwenyewe. Mtu mzima yule nimempima kama mtoto."

Fundi alimtilia chai. Hilo ndilo lililomjia.

"Ulinionya," alisema Mama Pacha. Alichukua daftari lake la michoro, akalisukuma chini ya robota la vitambaa vya sare, mpaka chini kabisa. "Chuo nitawapigia kesho, niwaambie watafute mwingine. Nitamfundisha nani, na mimi kupima sijui?"

Aliingia nyumbani, akafunga mlango. Fundi alibaki amesimama katikati ya duka. Mkewe alikuwa ameshindwa kama alivyotaka, na hakufurahi hata kidogo.

Mchana wa siku hiyo aliingia Nesi wa zahanati, kuchukua magwanda yake yaliyokuwa yanatiwa viraka. Nesi huyu alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Kila Alhamisi asubuhi alikuwa na kazi nyingine pale zahanati. Alikaa na wanandoa, akawasikiliza, akawafundisha kuzungumza bila kuumizana.

Alimkuta Fundi akivunja sindano ya tatu.

"Fundi, hicho cherehani kimekukosea nini?"

"Hamna kitu, Nesi."

"Hamna kitu hakivunji sindano tatu. Umekula?"

"Sijasikia njaa."

"Umelala?"

Fundi aliinama kuokota vipande vya sindano. Nesi alisogeza kiti, akakaa, akaweka mkoba chini. Alikaa tu, akitazama watu wanaopita nje. Fundi alivumilia kimya hicho kwa dakika moja, kisha akasema yote. Alisema kuhusu wateja, kuhusu chuo, kuhusu kifutio. Aliposema kuhusu ile mbili yenye mkia, alifunika uso kwa kiganja.

Nesi hakucheka. "Sasa nisikilize. Wivu ni hisia. Unakuja bila kubisha hodi, kwangu unakuja, kwa daktari unakuja. Mume wangu anapika kuliko mimi, na watoto wanamsifia mbele yangu. Unadhani napenda?"

"Unafanya nini?"

"Zamani nilikuwa natia chumvi kwenye sufuria yake akigeuka. Usimwambie mtu. Siku hizi namwambia: mume wangu, leo nina wivu. Basi. Ukiusema unabaki hisia. Ukiuficha unautafutia kazi ya kufanya, na kazi yake huwa ni uharibifu. Wako umefanya. Hilo si hisia tena, Fundi, hilo ni kosa, na lina mwenyewe."

"Nikimwambia ataniacha."

"Labda. Na usipomwambia ataacha kuchora. Unataka lipi?"

Fundi alitazama robota la sare. "Niseme nini?" aliuliza hatimaye. "Maneno yenyewe. Mimi si msemaji."

"Usianze na 'wewe'. Ukisema 'wewe na wateja wako', umeshamshitaki. Anza na ulichofanya, halafu useme kilichokuwa moyoni. Usitie 'lakini'. Ukimaliza, nyamaza. Atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Usimwombe akubembeleze. Na usimwambie akiwa ameshika mkasi."

Fundi alicheka kidogo, bila kutaka.

"Halafu kuna lako," Nesi aliendelea, akikunja magwanda yake. "Mara ya mwisho ulishona kitu kwa sababu tu ulikipenda, ilikuwa lini?"

Fundi alifikiri. Kabla ya kuoa alikuwa akishona kofia, za vipande vya vitambaa vilivyobaki. Hazikuwa na mteja. Alizishona kwa raha yake tu. "Miaka kumi na mitatu," alisema.

"Ndiyo maana. Huli, hulali, hutembei, huna kitu chako cha kukufurahisha, halafu unashangaa cha mwenzako kinakuuma. Mwili uliochoka huona kila mtu anauibia. Haya, nakwenda. Mwambie leo, kabla hajapiga simu."

Saa kumi na moja jioni Fundi alifunga duka mapema. Mabinti walikuwa kwa shangazi yao wakifanya kazi za shule. Mama Pacha alikuwa amekaa mezani, akichambua mchele. Fundi aliketi mbele yake.

"Mama Pacha, wewe umekuwa..." Alijikatiza. Alianza upya. "Mimi ndiye niliyefuta kipimo. Uliandika arobaini na nne. Nilifuta, nikaandika mbili, nikaiga mwandiko wako. Nilikuwa na wivu. Wateja wanakuulizia wewe. Chuo kimekuita wewe. Nilitaka ushindwe kidogo, ili mimi nionekane. Hukukosea popote. Nimekukosea mimi."

Kisha akanyamaza. Kunyamaza kulimtaka nguvu zaidi kuliko kusema.

Mikono ya Mama Pacha ilisimama juu ya ungo. "Tangu asubuhi," alisema, "nimekaa hapa najiona mjinga. Nimejikumbusha makosa yangu yote tangu nikiwa msichana. Na wewe ulikuwa unaniangalia."

"Ndiyo."

"Ukanitilia chai."

"Ndiyo."

"Ungechana gauni ningekuelewa. Ningeona gauni limechanika, ningejua nina adui. Wewe umenifanya niitilie shaka akili yangu." Alisukuma mchele kwa kiganja. "Ningekuwa mtu wa kupiga watu, leo ungeona."

Fundi alitaka kusema kwamba alikuwa amechoka, kwamba mgongo unamuuma, kwamba hakujua akiba haipo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalianza na 'lakini'. Aliyameza.

Mama Pacha alichambua konzi moja ya mchele, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mwalimu gani anamwonea mwanafunzi wake wivu?"

"Na mimi nilikuwa nasubiri mwalimu huyo aseme siku moja tu kwamba kazi yangu ni nzuri," alisema Mama Pacha. "Sifa za watu wa njiani nilizipokea. Yako niliisubiri."

Fundi hakulijua hilo. Miezi yote hiyo walikuwa wakishona hatua tatu mbali, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

"Ni nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Ni nzuri ndiyo maana iliniuma."

Mama Pacha alisukuma ungo kando, akainuka. "Sijakusamehe. Hilo litakuja siku yake. Kesho asubuhi utakwenda kwa Mwalimu, peke yako, umwambie ulivyoniambia mimi. Usipunguze hata neno. Kisha umlete hapa nimpime upya. Halafu utashona, mimi nitakuelekeza, na hutanibishia."

Ijumaa saa moja asubuhi Fundi alisimama mbele ya ofisi ya shule, kofia mkononi kama mwanafunzi mchelewaji. Alisema yote. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akamtazama.

"Miaka thelathini na minne nimeona watoto wakifuta majibu ya wenzao," alisema. "Sikujua wanaendelea mpaka wanaota mvi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Umenifanya nijinyime chakula cha jioni jana, Fundi. Nilijua nimenenepa. Hilo ndilo gumu kusamehe." Lakini alichukua mkoba wake, akafuatana naye.

Kitambaa cha bluu nzito kilikuwa kimekwisha. Mama Pacha alimpima Mwalimu, akasimama katikati ya duka akiuma penseli. Kisha akapiga magoti, akavuta daftari lake kutoka chini ya robota. Alipolivuta, kipande cha kitambaa cha sare kilitoka nalo, bluu nyepesi, cha mashati ya shule ya Mwalimu. Alikiweka juu ya gauni. Akachora haraka: vipande viwili vyembamba, kimoja kila ubavu, kutoka kwapani hadi chini.

"Rangi ya watoto wangu," alisema Mwalimu, na kutafuta leso.

Walishona siku nzima. Mama Pacha alikata, Fundi alishona. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, Fundi ndiye aliyeuliza. "Akiba niache kiasi gani hapa?" "Kwa nini unakata kwa kupinda?" Mama Pacha alimjibu kwa maneno machache, bila tabasamu. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu lilimchoma kidogo. Lakini alilishona gauni lile kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa suti yoyote. Saa sita mchana Mama Pacha alitoka nje na simu. Fundi alisikia neno moja tu kupitia dirishani: "Nitakuja."

Jumamosi Mwalimu aliagwa akiwa amevaa gauni hilo. Jumatatu walimu wanne walikuja kuuliza aliyelishona. "Amelibuni mke wangu," alisema Fundi. Alisema hivyo tu, bila kuongeza kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Miezi sita sasa imepita. Daftari la vipimo linaandikwa kwa kalamu ya wino. Mama Pacha alitaka hivyo, na Fundi hakubisha, maana imani iliyopotea hairudi kwa siku moja. Duka linafungwa saa kumi na moja. Fundi hutembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na mgongo umepunguza kelele. Jumapili baada ya kifungua kinywa wao wawili hukaa na kuambizana yaliyowasibu katika wiki. Anayesema hakatizwi. Mara nyingine Mama Pacha ndiye mwenye malalamiko, na yanachukua sufuria nzima ya chai. Fundi ameanza tena kushona kofia. Nyingine zinakaa kichwani vizuri, nyingine binti zake wanamwomba asiwape.

Jumatano iliyopita Mama Pacha alirudi kutoka chuoni, uso unang'aa. Wanafunzi walikuwa wamempigia makofi, na mkuu wa chuo alimwomba aongeze siku ya pili. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alihisi wivu ukiingia bila kubisha hodi, kama zamani.

Aliweka kofia chini.

"Hongera, Mama Pacha. Na nina wivu."

Mama Pacha aliweka mkoba mezani. "Wa inchi ngapi?"

Fundi alifikiri, kwa sababu aliulizwa kwa dhati. "Nne. Ulipotaja siku ya pili zilikuwa sita."

Mama Pacha alivua viatu. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, magoti yakigusana.

"Haya," alisema. "Anza na inchi ya kwanza."